Waume wa Mama na Kiti cha Baraza

Mama alikuwa na mwaka na ushei kaburini pale waume zake wawili walipoanza kugombea kiti kimoja. Nasema waume zake wawili, ingawa kwa sheria mmoja alikwisha kuwa si wake tangu mie msichana mdogo. Wanawake walioolewa na mume mmoja wana jina lao, huitwa wakewenza. Wanaume waliomwoa mke mmoja kwa kupokezana, Kiswahili hakikuwapa jina. Labda ndiyo maana wale wawili hawakujua waitaneje, wakaitana kwa kazi zao. Mmoja alikuwa Karani, wa pili alikuwa Mwalimu.

Karani ndiye baba yangu mzazi. Alikuwa karani wa boma, mtu mwembamba, sauti yake ya chini, kanzu yake haikosi pasi. Nilipokuwa nimeanza chuo cha Kurani, serikali ilimhamishia Kilwa. Aliahidi kutuita, asituite. Barua zilikuja, kisha zikapungua, kisha Mama akaenda kwa kadhi kudai talaka yake. Ikaja kwa posta. Hakuandika hata neno la kumwomba asubiri.

Eda ilipokwisha na muda ukapita, Mama akaolewa na Mwalimu, aliyekuwa akisomesha shule ya serikali pale pale Bagamoyo. Huyu alikuwa mtu wa sauti na kicheko, mwenye mabega ya mchukuzi. Yeye ndiye aliyeshikilia nisome mpaka darasa la nane, wakati wasichana wenzangu wamekwisha wekwa ndani, na yeye ndiye aliyenipeleka Dar es Salaam kujifunza ukunga. Kwa hiyo nilikuwa na Baba, na nilikuwa na Mwalimu, na kwa miaka mingi hakuna aliyenitaka niseme yupi zaidi.

Mama alishona kofia za viua. Alikaa chumba cha mbele, karibu na dirisha, kitambaa mapajani, na kazi yake ilijulikana mpaka Unguja. Ukingoni mwa kofia aliweka safu ya vitundu vidogo mno, kama chembe za mtama, ambavyo washonaji wengine hawakuwa na subira navyo. Mtu akipita njiani na kofia ile, wanawake walijua imetoka mkono gani.

Alipougua, uvimbe wa tumbo, hospitali yetu haikuwa na la kumfanyia. Nililijua hilo mapema kuliko wengine kwa sababu ya kazi yangu. Baba wakati huo alikuwa amestaafu na kurudi kutoka Kilwa, anaishi kwa dada yake upande wa pili wa mji. Asubuhi moja nikatoka nje nikamkuta amekaa kwenye baraza ya nyumba yetu, ameegemea ukuta, bakora kati ya magoti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Sikuja kuingia," akasema. "Nimekuja kukaa tu."

Akakaa. Kesho yake akakaa tena. Mwalimu hakumfukuza. Kila asubuhi alinituma nimpelekee kahawa na kipande cha mkate wa kumimina, na jua lilipohamia upande ule alitoa mkeka mwenyewe na kuuhamishia kivulini. Hawakuzungumza. Mama, ndani, alijua. Siku moja aliniuliza, "Bado yupo?" Nikamwambia yupo. Akageuza uso ukutani, sikuweza kuona kama amefurahi au amechukia.

Alifariki baada ya sala ya Ijumaa. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo lililotokea huko nilihadithiwa na mjomba wangu. Maiti ilipofikishwa, Mwalimu aliteremka kaburini pamoja na mjomba kuipokea. Baba naye akavua viatu, akapandisha kanzu, akaweka mguu ukingoni. Sheikh akamshika mkono.

"Karani," akamwambia taratibu, "huyu si wako tena."

Baba akarudisha mguu. Mjomba alisema alibaki amesimama vile vile, miguu mitupu, mpaka kaburi lilipokwisha kufukiwa, na wakati wa kuondoka walimkumbusha avae viatu.

Baada ya hitima nyumba yetu haikuwa nyumba ya watu wawili tu. Nililijua hilo na Mwalimu alilijua. Watu hudhani mambo kama hayo ni ya usiku. Kwetu ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, mji umenyamaza, kuku wamelala chini ya ngazi. Kutoka chumba cha mbele kilisikika kikohozi chake, kile kikohozi kikavu cha mtu anayekata uzi kwa meno na nyuzi zikamwingia kooni. Mara ya kwanza nilinyanyuka nikaenda na gilasi ya maji kabla sijakumbuka. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Dirisha limefungwa. Nikasimama na maji yale mkononi, nikayanywa mwenyewe.

Mwalimu alikigeuza kiti chake cha sebuleni kikawa kinatazama ua. Bibi, mama yake Mama, alikuja akasoma Yasini chumbani mle, akafukiza udi, akatoka. "Mwacheni," akasema. "Bado ana kazi mkononi."

Ndipo zikaja habari za uchaguzi. Serikali ilikuwa imekubali, kwa mara ya kwanza, watu wapige kura kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Kiti cha upande wetu kilikuwa kipya, hakijakaliwa na mtu. Si kila mtu angepiga kura: ilitakiwa uwe na kisomo au mali au cheo. Na karatasi yenyewe ilidai kura tatu, moja ya Mwafrika, moja ya Mhindi, moja ya Mzungu, ukiacha mojawapo zote zimeharibika. Watu waliisema sana sheria hiyo vibarazani. Mie kwa darasa langu la nane nilikuwa katika wanawake wachache wa mji waliostahili, na wazee walionipita njiani miaka yote wakaanza kunisalimu kwanza wao.

Baba alinijia hospitali. Nilikuwa nimemaliza kuzalisha mama mmoja wa Kiwangwa aliyeshinda na uchungu tangu jana yake, nimekaa ukumbini nanawa. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Nitasimama," akasema.

"Wapi, Baba?"

"Katika uchaguzi. Nitagombea kiti."

Nilidhani amepata homa. Baba, aliyeishi maisha yake yote akinong'ona mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, asimame mbele ya umati? Nikamuuliza nani amemshauri.

Akatazama mikono yake. "Mama yako amenijia. Kabla ya alfajiri, saa ambayo ndoto haisemi uongo. Alikuwa na kazi yake mapajani. Hakunitazama. Aliniambia neno moja, 'Simama.' Nikaamka."

Niliendelea kunawa. Nilihisi baridi mikononi, na maji yalikuwa ya vuguvugu. Miezi yote ile nilikuwa nikilala na leso yake chini ya mto, namwomba Mungu nimwone japo kwa mbali, na sikumwona hata mara moja. Akaenda kwa mtu aliyempelekea talaka kwa posta.

Haikupita juma. Mwalimu aliniita ukumbini baada ya chakula. Alikuwa amekwisha andika barua ya kuacha kazi ya serikali, maana mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kuingia siasa, na chama kilichokuwa kikidai uhuru kilikuwa kimemwomba agombee kwa upande wake. Alikuwa amesitasita muda mrefu, akasema. Kazi ilikuwa ya uhakika na yeye si kijana.

"Nini kilichokufanya ukate shauri?" nikamuuliza.

Akateremsha sauti, yule mtu asiyejua kuteremsha sauti. "Utanicheka. Nimemwota mama yako. Amekaa pale dirishani anashona, kichwa amekiinamisha. Nikamwuliza, nifanye nini? Akasema, 'Simama.' Basi."

Sikumcheka. Sikumwambia pia kwamba nimekwisha lisikia neno lile kwa kinywa kingine. Nilivaa buibui nikaenda moja kwa moja kwa Bibi, nikamkuta anapepeta mchele, nikamwambia yote.

Bibi aliendelea kupepeta. Alikuwa mwanamke asiyeshtuka upesi.

"Neno lilikuwa simama?" akauliza.

"Simama, Bibi. Wote wawili."

"Simama ya kunyanyuka, au simama ya kukoma?"

Halikuwa limenipitia akilini. Kwetu mtu akimwambia mwenzake simama huenda anamwinua, na huenda anamzuia asipige hatua nyingine. Bibi akapuliza makapi.

"Wanaume," akasema, "wakiota wanasikia wanalolitaka. Mie binti yangu namjua. Alikuwa akitaka watu wamwache apumzike." Kisha akanitazama. "Usiwaambie. Ukiwaambia watadhani umechagua."

Kwa hiyo nilinyamaza, na wao wakaendelea, kila mmoja akiamini ametumwa yeye peke yake. Mwalimu alizunguka na vijana wa chama, mpaka Kiwangwa, mpaka huko bara jimbo letu lilikofika. Alirudi na vumbi, sauti imemkauka, macho yanang'aa. Baba hakuwa na chama. Alikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kwa wale wachache wenye haki ya kura, anabisha hodi, anaketi, anaulizia afya za watu, na mara nyingi anaondoka bila kutaja kiti. Shangazi alinilalamikia: "Baba yako haombi kura. Anaamkia watu tu."

Nyumbani kikohozi kiliongezeka. Sasa kilikuja hata Mwalimu akiwa na wageni. Mchana mmoja vijana wa chama walikuwa sebuleni wanapanga safari, na kikasikika, wazi kabisa. Mmoja akauliza kwa adabu, "Mna mgonjwa ndani?" Mwalimu akasema, "Ndiyo," akaendelea na mazungumzo. Sikujua kama alidanganya ama ndivyo alivyoona.

Karibu na siku ya kura, Bwana Shauri alitangaza wagombea wote waseme mbele ya watu kwenye uwanja wa boma. Walikuja watu wengi kuliko wapiga kura, wake kwa waume, wanawake tumekaa upande wetu chini ya ukuta. Wagombea waliwekewa viti mezani, Wahindi na Wazungu upande huu, Waafrika upande ule. Baba na Mwalimu walikaa bega kwa bega, kanzu na koti, na nilipowatazama vizuri macho yangu yakakwama vichwani mwao. Kila mmoja alikuwa amevaa kofia ya Mama.

Ya Mwalimu niliijua, alimshonea mwaka waliooana. Ya Baba sikuwa nimeiona kamwe. Ilikuwa imepauka kidogo kwa kukaa sandukuni, lakini vile vitundu vya mtama vilikuwepo ukingoni. Wanawake waliona kabla yangu. Mnong'ono ulipita mstari mzima, kutoka buibui hadi buibui, na mmoja nyuma yangu akasema, si kwa ubaya, "Marehemu amekuja mkutanoni."

Mwalimu alisema kwanza. Alisema vizuri, juu ya shule na juu ya heshima ya mtu mweusi katika nchi yake, na watu walimpigia makofi mpaka Bwana Shauri akakohoa. Kisha Baba akasimama. Alianza kwa salamu, akataja visima na njia za mashambani, sauti yake ikapanda kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza maishani nilimsikia akisema kwa sauti ambayo watu wa nyuma waliisikia. Nikaanza kuona fahari. Halafu akakoma katikati ya neno.

Alikuwa anatazama upande wetu, wanawake, lakini si mimi. Alitazama pale ukuta ulipoishia, penye kivuli. Nikageuka. Palikuwa na mwanamke amesimama, buibui imefunika uso, kichwa amekiinamisha. Wanawake wa buibui walikuwa mamia pale. Lakini wengine wote tulikuwa tumekaa.

Baba hakusema tena. Watu wakaanza kukohoa, kisha kijana mmoja akacheka. Mwalimu alinyanyuka. Nilidhani atasema neno la kumaliza ushindani pale pale, na lingekuwa rahisi. Badala yake alimshika Baba mkono, akatazama kule alikokuwa akitazama, na uso wake ukabadilika.

"Keti, Karani," akamwambia. Wale wa mbele walimsikia. "Keti. Nami namwona."

Wakaketi wote wawili. Nilipogeuka tena, pale penye kivuli hapakuwa na mtu. Watu wenye akili zao waliniambia baadaye kwamba alikuwa mke wa fulani, alichoka akaenda zake nyumbani. Inawezekana. Sikumfuata nikahakikishe.

Jioni ile, kabla ya magharibi, Baba alipita nyumbani kwetu. Mwalimu alikuwa msikitini. Nikamkaribisha ndani na kwa mara ya kwanza akaingia, akasimama mlangoni pa chumba cha mbele bila kuvuka kizingiti.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kukufungua. Kura usinipe kwa ajili ya damu."

"Baba, nani kasema sitakupa?"

"Sitapata. Tangu siku ya kwanza najua. Watu wanataka uhuru na Mwalimu ana chama. Hata mimi ningekuwa si mimi, ningempa yeye."

"Basi kwa nini ulisimama?"

Nje muuza tende alikuwa akipita anaita.

"Mama yako alipodai talaka sikushindana," akasema. "Niliona aibu. Nilikuwa nimepata mtu kule Kilwa, halafu huyo mtu akaniacha, nikaona nitarudi na uso gani. Nikachukua karatasi, nikaandika, nikatia stempu. Mwanamume huyu alimchukua mke wangu bila mimi kunyoosha hata mkono. Safari hii nimetaka nishindane naye. Nishindwe, lakini watu waone nimeshindana. Na mama yako aone, huko aliko."

Nilimwambia ameona. Sikuwa na uhakika, ila nilimwambia. Baba akaitikia kwa kichwa, akatazama chumba mara moja tena, akaondoka.

Siku ya kura nilikwenda mapema na sare yangu ya kazi. Niliweka alama kwa Mhindi na kwa Mzungu waliotajwa na chama, kisha kalamu ikasimama juu ya majina mawili ambayo mkono wangu uliyajua tangu utoto. Nilingoja. Nataka kusema kweli: nilingoja kikohozi, neno, harufu ya asumini aliyokuwa akivaa Mama, chochote. Alikuwa amewaambia wao, angeniambia na mimi. Karani wa kituo akaniuliza kama nimepatwa na tatizo. Nikasema hapana. Hakuna aliyekuja. Nikampa Mwalimu, kwa sababu nilitaka uhuru nami, na kwa sababu Baba alikuwa amenifungua, na hiyo ilikuwa kura yangu mwenyewe, si ya marehemu.

Matokeo yalibandikwa bomani. Mwalimu alishinda kwa mbali. Vijana walimbeba mabegani mpaka sokoni na wanawake wakapiga vigelegele. Baba alisubiri ashushwe, akamwendea, akampa mkono, akamwita "Mheshimiwa," neno ambalo wengi wetu tulikuwa tunalisikia kwa mara ya kwanza likitajwa kwa mtu wa kwetu. Mwalimu aliushika mkono ule muda mrefu. Tulipofika nyumbani aliniambia amemwuliza Baba kama bado anaota, na Baba amesema hapana, tangu siku ile ya uwanjani.

"Nami pia," Mwalimu akasema. Akatazama chumba cha mbele. Ilikuwa adhuhuri na nyumba ilikuwa kimya kabisa, kimya cha nyumba ya kawaida, na mtu yule mzima akaziba uso kwa viganja akalia.

Alihamia Dar es Salaam kwa ajili ya vikao. Mie niliolewa mwaka uliofuata na mwalimu wa misheni aliyesilimu, na hayo ni mambo mengine. Baba alikataa kubaki mjini. Alikwenda Mkange, kwa ndugu wa mama yake, akalima mihogo na mahindi, akazeeka ghafla kama wanavyozeeka watu wa maofisini wakishika jembe.

Nilikwenda kumwona baada ya mvua za masika. Njia ilikuwa mbaya, sehemu nyingine nilivua viatu nikapita majini. Nilimkuta ameketi nje, anamenya mihogo. Nikamsalimu, nikakaa, nikachukua kisu nikamsaidia. Hakuuliza habari za mume wangu wala za hospitali.

"Mwalimu anasema nini huko barazani?" akauliza.

Nilikuwa nimeonana na Mwalimu karibuni, kwa hiyo nilijua. "Ameomba njia ya huku, Baba. Alisimama akasema watu wa Mkange wakiugua hubebwa kwa machela mpaka Bagamoyo, wengine hufia njiani."

"Alitaja Mkange? Kwa jina?"

"Kwa jina."

Akamenya muhogo wake mpaka mwisho, akautia kwenye beseni la maji.

"Wakamjibu nini?"

"Wamesema watalitazama."

"Watalitazama," Baba akarudia. Alichukua muhogo mwingine, akaugeuza akitafuta pa kuanzia. "Mwambie mto wa hapa chini unahitaji daraja kwanza. Njia bila daraja ni kazi bure. Mwambie nimesema mimi."

Nikamwahidi. Tukaendelea kumenya, na shangazi wa kule akatuita tulete mihogo, maji yamechemka.